Kisu cha Kijapani Kilichokataa Mtamba Wangu

Kaeni, vijana wangu, kaeni popote. Masanja, wewe mwenye kisu, kaa upande ule wa bibi yako, maana mimi nikikiona kwa karibu nitaanza kukitamani, na umri wangu huu si wa kutamani vitu vyenye ncha.

Kwa wale ambao hamkuwapo juzi, niwaeleze. Mjukuu wangu huyu, anayenunua dhahabu kule Geita, alikuja hapa kwangu Kambarage na kisu cha kukunja kilichotengenezwa Japani. Alikitoa kwenye sanduku la mbao. Ndani ya sanduku kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa ndipo kisu chenyewe kilipolala. Nilidhani anatuonyesha mtoto mchanga. Nilipomuuliza bei, aliitaja huku anatazama ukutani. Bibi yenu, aliyekuwa anachambua mchele, akauliza bila kuinua kichwa, "Kwa bei hiyo kinapika chenyewe?"

Basi mkaanza kubishana. Huyu anasema ni wizi, yule anasema ubora una gharama zake, na mwisho mkanigeukia mimi. Mlifanya vema, maana nimeshika visu tangu baba zenu hawajazaliwa. Lakini mkiniuliza jambo la visu mkubali na maneno mengi. Mtu wa kazi yangu alitembea siku nzima na ng'ombe wasiojua kuzungumza, sasa akipata masikio hayaachii upesi.

Nilikuwa mswagaji wa ng'ombe. Leo ng'ombe anapanda lori, anafika amesinzia. Sisi miaka ile baada ya vile vita vya Waingereza dhidi ya Wajerumani na Wajapani tulimpeleka kwa miguu. Tajiri ananunua maksai kwenye minada ya Shinyanga, tunawakusanya upande wa Ibadakuli, huko mnakoona ndege zikitua siku hizi, kisha tunawaswaga kupitia Salawe na Nyang'hwale mpaka Geita. Kule kulikuwa na mgodi wa Wazungu na wachimbaji waliotoka kila pembe ya nchi, na mchimbaji haishi kwa ugali mtupu. Kwa hiyo nyama ya Geita ilitoka kwetu, ikitembea.

Mswagaji alikuwa na fimbo, blanketi, kibuyu cha maji na kisu. Fimbo mnaijua. Kisu ndicho watu wa mjini hawaelewi kilikuwa cha nini. Ng'ombe akichomwa na mwiba katikati ya kwato, unautoa kwa kisu. Kamba ikimkaba ndama kwenye tope, unaikata. Ng'ombe akifa njiani, unamchuna, na ngozi yenye chapa pamoja na masikio yake unambebea tajiri, la sivyo atasema umemuuza. Nimewahi kubeba ngozi mbichi begani tangu Nyang'hwale. Mbwa wa kila kijiji walinisindikiza kwa heshima ambayo sijaipata tena mpaka leo.

Kisu changu cha kwanza cha kukunja nilikinunua dukani mjini Shinyanga, kwa sababu kilikuwa na mpini mwekundu. Msicheke, mmoja wenu hapa amenunua pikipiki kwa sababu ya taa zake. Siku ya kwanza nilikitumia kukata kamba ya ngozi. Nikasukuma, kikagoma, nikasukuma tena, kikajifunga juu ya vidole vyangu. Hiki kidole hapa kimepinda hivi tangu siku hiyo. Kisu cha kukunja cha hovyo ni kama rafiki mlevi: siku ya mambo mazito anakuangukia wewe.

Aliyenifunga kidole alikuwa Luhende, mkubwa wetu wa msafara. Huyu alikuwa mtu mrefu mwenye magoti yanayolia kama mlango, na alijua njia ya Geita kuliko mbung'o waliozaliwa humo. Kisu chake hakikukunjika. Mhunzi alikifua kutokana na springi ya lori, kipana kama jani la muhogo, na mpini wake ulikuwa wa mti uliofungwa kwa ngozi ya mkia wa ng'ombe. Luhende ndiye aliyenifundisha kunoa. Alinikataza kunoa kwa hasira. Alinikataza kupima makali kwa kukata nywele za mkono, akisema hizo ni mbwembwe za vinyozi. Ukitaka kujua kama kisu kimekolea, shika jani moja la nyasi kavu kwa vidole viwili, likate bila kuliegemeza popote. Likipinda, rudi kwenye jiwe. Nilirudi kwenye jiwe mara nyingi, ng'wanawane, mwanangu we, mpaka nyasi za Ibadakuli zikanizoea.

Sasa, katika msafara wetu kulikuwa na mtu mmoja aitwaye Ndaki. Ndaki alikuwa askari wakati wa vita, akapelekwa Bama, nchi ya mvua na misitu huko Asia walikopigana na Wajapani. Alirudi na koti la jeshi, na kikohozi, na kisu.

Hicho kisu, Masanja, ni babu wa hicho chako. Mpini wake ulikuwa bamba moja la shaba lililokunjwa, bila urembo wowote, limechongwa herufi zao zinazofanana na nyayo za kuku. Kwenye kisigino cha kisu palichomoza kiulimi kidogo cha chuma. Ukikibonyeza kwa kidole gumba, kisu kinafunguka kwa mkono mmoja. Kikishafunguka hakina kufuli. Kinachokizuia kisijifunge ni kidole gumba chako hichohicho, ukikaze pale. Na makali yake nilikuwa sijawahi kuyaona. Ukitazama ubapa kwa pembeni unaona mstari unaofanana na ufuko wa ziwa: juu chuma laini cheusi, chini chuma kigumu cheupe, vimefuliwa pamoja mpaka vikawa kitu kimoja.

Watu walipomuuliza Ndaki alikipataje, alijibu maneno yaleyale kila siku: "Kilikuwa cha Mjapani mmoja, Bama." Kisha anatazama mbali. Yaliyobaki watu waliyajaza wenyewe. Kila tulipokaa mahali penye pombe, huyo Mjapani aliongezeka urefu. Mwanzo alikuwa askari tu. Baadaye akawa ofisa. Mara ya mwisho nilipomsikia alikuwa jitu lenye upanga, na Ndaki alikuwa amepambana naye mtoni mikono mitupu. Ndaki hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikunywa pombe aliyonunuliwa.

Luhende peke yake ndiye hakuvutiwa. "Kisu kinachojikunja ni kama mkwe mwenye aibu," alikuwa akisema. "Siku unayomhitaji, amejificha." Jambo lingine lililomchekesha ni kwamba Ndaki hakukitumia kile kisu kwenye kazi. Alikatia tumbaku, alimenyea viazi vitamu, alikipaka samli na kukifunga kwenye kitambaa. Mwiba ukiingia kwenye kwato, aliazima kisu cha Luhende. "Nipe hicho cha mateso," Ndaki anasema, na Luhende anampa huku anatikisa kichwa. Masanja, wewe chako umeshakatia nini mpaka leo? Umefungulia bahasha. Haya, tuendelee.

Mimi nilikitaka kile kisu mpaka nikakiota. Wakati huo baba yangu alikuwa amenipa mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, ili awe mwanzo wa mahari yangu, maana kulikuwa na binti mmoja upande wa Salawe niliyekuwa nikipunguza mwendo kila tukipita kwao. Ng'ombe walijua kabla ya watu. Wakifika pale walianza kula nyasi bila kuambiwa. Pamoja na hayo, asubuhi moja tukiwa njiani nilimsogelea Ndaki nikamwambia, "Kaka, nitakupa mtamba wangu, unipe kisu."

Ndaki alinitazama kwa huruma. "Mtamba anazeeka," akasema. "Kisu hakizeeki."

Luhende alikuwa mbele yetu, lakini masikio yake yalikuwa nyuma. "Na hakizai," akasema.

Nikaona aibu, lakini kumbukeni neno lenyewe: mtamba mzima alikataliwa. Msafara wote ulijua kufika jioni. Kuanzia siku ile kisu cha Ndaki kilikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa kubwa kuliko mtamba, ingawa hakuna aliyejua inaishia wapi.

Katika safari hiyohiyo, kabla hatujafika Nyang'hwale, ng'ombe walituponyoka asubuhi na mapema wakaingia kwenye shamba la kunde. Kunde changa, zina umande bado. Tulipowatoa, maksai mmoja mkubwa, yule aliyekuwa akiwaongoza wenzake, alikuwa ameshakula hadi akasahau jina lake. Hatukwenda mbali akaanza kuvimba. Tumbo lilipanda upande wa kushoto mpaka likapita mgongo. Akasimama, miguu imetanuka, ulimi nje, anavuta pumzi kama mtu anayepandisha gunia mlimani.

Mwenye shamba, mama mmoja mwenye jembe mkononi, alikuwa ametufuata akitusema. Alipomwona yule maksai akasema, "Mkimaliza kumfufua, mtanieleza kunde zangu zimekwenda wapi." Akaweka jembe chini, akamshika mkia.

Ng'ombe aliyejaa gesi namna ile hana muda. Lazima atobolewe. Mahali pake ni pale kwenye bonde la ubavu wa kushoto, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Hatobolewi kwa kisu kipana, kwa sababu utampasua; inatakiwa ncha nyembamba, iingie mara moja, kisha unapitisha bua la tete ili hewa iendelee kutoka. Kisu cha Luhende kilikuwa kipana, na ncha yake ilikuwa imevunjika juzi yake kwenye kwato. Cha kwangu mnakijua. Wote tukamtazama Ndaki.

Na mjue kilichokuwa hatarini. Yule maksai akifa, tajiri atauliza, na mara mbili kabla ya hapo alishawahi kufukuza msafara mzima kwa kumshuku mtu mmoja. Luhende alikuwa na watoto wengi. Mimi nilikuwa na safari za Salawe.

Ndaki akatoa kitambaa, akakifungua, akafungua kisu. Akapiga goti ubavuni mwa maksai. Akaweka ncha mahali panapotakiwa, kwa sababu alipajua. Kisha akaiondoa. Akageuza uso pembeni, kama mtoto anayechomwa sindano.

"Ndaki," Luhende akasema taratibu, "anakufa."

"Siwezi, kaka," Ndaki akasema. "Shika wewe."

Luhende alikichukua. Akakigeuza mara moja mkononi, akakiangalia kile kiulimi cha chuma, akakaza kidole gumba juu yake kama mtu aliyezaliwa nacho. Akachoma. Hewa ilitoka kwa mlio wa filimbi, na harufu yake siwezi kuwaeleza kwa kuwa bibi yenu yuko hapo tena anachambua mchele. Mama mwenye shamba tayari alikuwa amekata tete, akampa. Luhende akalipitisha. Tukasimama pale tukisikiliza lile tumbo likipungua, na baada ya kitambo maksai akapiga hatua, akainamisha kichwa na kutafuta nyasi. Ng'ombe hawana aibu.

Luhende akakiosha kisu kwa maji ya kibuyu chake mwenyewe. Akakiangalia makali kwenye mwanga. Akachukua jani la nyasi kavu kwa vidole viwili, akalikata. Likaanguka bila kupinda, na hicho ni kisu kilichotoka kupita kwenye ngozi ya maksai. Akakikunja, akamrudishia Ndaki kwa mikono miwili. Siku ile nzima hakumtania. Kwa mtu kama Luhende, hiyo ilikuwa sifa ya kuandikiwa barua. Wala hakumuuliza kwa nini mtu aliyepambana na jitu mtoni alishindwa mbele ya ng'ombe.

Kuhusu kunde, Luhende alimsalimia yule mama upya kwa adabu zote, "Mwangaluka, mayu," kama kwamba siku ndiyo kwanza inaanza, akamwomba radhi, na sisi wote tukamlimia kipande cha shamba mpaka jua lilipokuwa juu. Alituangalia tunavyolima akasema kazi yetu ya ng'ombe tusiiache.

Tukafika Geita. Msiifikirie Geita hii ya bodaboda. Ilikuwa mlima, mitambo ya kusaga mawe inayonguruma mchana kutwa, na nyumba za wachimbaji zimepangwa mistari. Tukakabidhi ng'ombe, kisha tukaelekezwa jiko la wachimbaji tukale. Mpishi mkubwa pale aliitwa Saidi, mtu wa Tabora, mwenye tumbo la heshima na sauti inayofika kwenye shimo. Tulipoingia mlangoni alituangalia mmoja mmoja, na alipomfikia Ndaki akaweka mwiko chini.

"Ndaki wa Viazi," akasema.

Ndaki akasimama kama aliyekanyaga nyoka. Saidi akaja akamkumbatia, akatugeukia sisi kwa furaha. "Mnatembea na mtu mkubwa, nyie. Huyu tulikuwa naye jikoni Bama. Amemenya viazi vya askari mpaka vidole vikawa vyeupe. Bunduki alikuwa anaitundika msumarini anaanika nguo."

Hakuwa na nia mbaya, yule. Alikuwa anamsifu. Mwenzetu mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kicheko, "Na yule Mjapani ambaye Ndaki alimnyang'anya kisu?"

"Mjapani gani?" Saidi akafikiri. "Yule mwembamba wa jikoni? Baada ya vita kwisha waliletwa Wajapani waliosalimu amri, wafanye kazi. Mmoja tukapewa sisi. Alikuwa anakaa na Ndaki kama mapacha. Ndaki alimnyang'anya lini?"

Basi jiko zima likacheka. Mimi pia nilicheka, na wachimbaji wasiojua chochote walicheka kwa sababu sisi tulicheka. Jitu la mtoni lilikuwa limekufa, sasa kweli. Ndaki akatoka nje, akaenda kukaa kwenye rundo la kuni.

Hapa ndipo nataka msikilize, nyie wafanyabiashara. Mimi nilikuwa bado natafuna nyama wakati akili yangu ilipoanza kupiga hesabu. Kisu kilichokataa mtamba kilikuwa cha shujaa. Sasa ni cha mmenya viazi. Nikatoka nje nikamkuta Ndaki, nikakaa karibu naye kwa upole wote wa dalali, nikasema, "Kaka, pole. Sasa labda tuzungumze mbuzi."

Sikujua Luhende alikuwa nyuma yangu, amesimama na sahani yake. "Mabula," akaniita, "kile kisu kilimfufua maksai mbele ya macho yako. Chuma kimebadilika lini?"

Nikasogea kumpa nafasi akae kwenye kuni. Swali hilo ninalo mpaka leo.

Ndaki ndiye aliyezungumza. Alikitoa kisu, akakiweka juu ya goti. Akasema yule Mjapani alikuwa mtu wa makamo, mwembamba kweli, na wakubwa wa jeshi walimruhusu awe na kile kisu kwa sababu ya kazi ya jikoni. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuzungumza. Walikaa na kilima cha viazi katikati yao, huyu anamenya, yule anamenya. Majuma ya kwanza hawakutazamana. Kisha siku moja Mjapani alimwona Ndaki akihangaika na kisu butu, akakinyakua, akakinoa, akamrudishia bila kumwangalia. Kesho yake akamwita kwa kidole, akamwonyesha jinsi ya kunoa mwenyewe.

"Jina lake nani?" Luhende akauliza.

"Alinitajia. Ulimi wangu ulishindwa. Naye langu lilimshinda. Tukaacha."

Siku meli ilipokuja kuwarudisha askari wetu, Mjapani alikiweka kisu kwenye kiganja cha Ndaki, akamfunga vidole juu yake. Ndaki akajipapasa mifuko yote akitafuta cha kumpa. Alikuwa na kipande cha sabuni. Akampa hicho.

"Kwa nini hukutuambia hivyo tangu mwanzo?" nikamuuliza.

"Ningewaambia nini, Mabula? Watu waliniaga kwa ngoma. Waliniaga niende vitani. Nirudi niwaambie nilikaa na adui tukamenya viazi, na siku ya kuachana nililia?" Akakikunja kisu. "Walipoanza kusema mambo ya mtoni, niliona ni rahisi kunyamaza. Na pombe ilikuwa inakuja."

Luhende akacheka kwa hilo la pombe, na Ndaki mwenyewe akacheka, na ndivyo jambo lilivyokwisha bila mtu kuomba radhi. Kuhusu mbuzi hakuna aliyezungumza tena. Nilikula chakula changu kilichobaki kikiwa kimepoa.

Ndaki hakurudi nasi Shinyanga. Saidi alimwambia aache kufuata mikia, abaki jikoni, na siku ileile alipewa aproni. Mimi nikarudi nikamkuta mtamba wangu bado yuko zizini kwa baba, na kabla ya mvua nyingine alikuwa ameshapelekwa Salawe pamoja na wenzake. Mnamwona yule anayechambua mchele? Ningepata kisu, leo mchele huo ungekuwa na mawe.

Sasa swali lenu. Kisu cha Kijapani kina thamani ya bei yake au hakina? Niwaambie nilichokiona kwa macho, si cha kusikia. Chuma chao ni chuma kweli. Kinashika makali, na kinayakumbuka. Ulikinoa jana, leo hakijakusahau. Msumari unaokiunga na mpini umekaa sawa, hakitikisiki kikifunguka. Hivyo viwili, chuma na msumari, ndivyo ninavyoweza kukubali mtu avilipie. Sanduku la mbao ni sanduku. Mpini wa pembe ya mnyama ambaye Masanja hawezi hata kumtaja, huo ni mapambo, na mapambo ni ruhusa, hata sisi tulivaa shanga. Lakini wanaouza watakuuzia pia habari: fundi huyu ni wa ukoo wa wafua panga, tanuri hili ni la mababu. Huenda ni kweli. Sijafika. Mimi najua tu kwamba niliwahi kuona habari ya kisu ikifa mchana kweupe, na mpumbavu mmoja akashusha bei kutoka mtamba hadi mbuzi, wakati kisu chenyewe hakikupungua hata chembe.

Na kama umeshakinunua, basi kitumie. Kisu cha bei kubwa ambacho mwenyewe anakiogopa ni ghali kwelikweli. Kaza kidole gumba pale kwenye kiulimi, usikisukume kinapogoma, usichokonoe nacho mfupa, kikaushe kabla ya kukikunja, maana kutu huanzia kwenye mfuko wa mpini ambako macho hayafiki. Chako kina kufuli, nimeona; vizuri, lakini kufuli nalo huchoka, kidole chako usikipe likizo.

Kila tulipofika Geita baada ya hapo tulikula kwa Ndaki. Alinenepa. Kikohozi kilimwacha. Alikuwa anakata viazi vitamu vipande vyembamba vya kukaushwa viwe michembe, vyembamba mpaka jua linapita, na wachimbaji wa pwani waliokuwa wanacheka chakula chetu cha Kisukuma wakawa wanapanga foleni. Kile kisu kilikuwa kimepungua upana kwa kunolewa. Kila tukienda nilikiona kimekuwa chembamba zaidi, na yeye hakujali hata kidogo.

Safari moja Luhende alikuja nasi akiwa tayari ameshatuambia kwamba magoti yamekataa, kwamba hii ndiyo ya mwisho. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Alikula sahani mbili, akasema chumvi imezidi, kama kawaida yake. Ndaki alikuwa nyuma ya jiko ananoa. Luhende akamwendea, nami nikamfuata kwa sababu nilidhani anakwenda kumtania.

Hakumtania. Akachomoa kisu chake cha springi ya lori, kile kilichotufundisha sisi wote, akakiweka chini kando ya jiwe.

"Nionyeshe yule Mjapani alivyokuwa anafanya," akasema.

Ndaki akamwangalia kuona kama kuna mzaha umefichwa mahali. Kisha akasogea kumpa nafasi. Akalowesha jiwe, akaliweka juu ya gunia lililokunjwa lisiteleze. Akachuchumaa, nyayo zote chini, akalaza vidole vya mkono wa kushoto juu ya ubapa, akasukuma mbele polepole na kurudisha, akisikiliza zaidi kuliko kutazama. Luhende akachuchumaa kando yake, magoti yakilia, akachukua kisu chake akafanya vilevile. Saidi aliita kutoka ndani kwamba kuni zimekwisha. Hakuna aliyeinuka.

"Hivi?" Luhende akauliza.

"Punguza nguvu," Ndaki akamwambia.

Luhende akapunguza.